Shajara ya mradi: daftari la mjomba na matetemeko yanayofuata

Wiki ya 1

Daftari limefika kwa basi kutoka Bukoba, ndani ya bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu. Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alizigawa kurasa zake kwa rula katika safu tatu: tarehe, saa, hali. Mstari wa kwanza ni wa Jumamosi, 10 Septemba 2016: "Saa 9:27 alasiri. Tetemeko kubwa. Ukuta wa jikoni umeanguka." Kuanzia hapo, kila alipousikia mtikisiko nyumbani kwake Hamugembe, aliuandika. Kwenye safu ya hali hakuna kipimo cha Richter. Kuna "kidogo", kuna "vikombe vimelia", kuna "tumetoka nje".

Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9, kina chake kama kilomita 40. Liliua watu 17 mkoani Kagera na kubomoa nyumba nyingi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Mimi nilifika kesho yake. Tulilala uani kwenye mikeka, karibu na migomba, pamoja na majirani, na simu zilikuwa zikipitisha ujumbe mmoja: leo saa saba usiku linakuja kubwa kuliko la jana. Watu walikaa macho wakiisubiri saa saba. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga, aliyesikia kwamba nimesoma takwimu, aliniuliza: "Mwanangu, linakuja au haliji?" Nilimwambia hakuna ajuaye saa ya tetemeko. Nilisema kweli, na sikumsaidia kitu. Yeye alitaka kujua kama aingie ndani na mtoto au abaki kwenye baridi.

Jibu lililo bora kuliko lile langu lipo, na mwanzo wake ni karne ya 19. Mradi huu ni wa kuliandika kwa Kiswahili pamoja na namba zake.

Wiki ya 2

Nimeanzia kwa Fusakichi Omori. Tarehe 28 Oktoba 1891 tetemeko la Nobi liliipiga Japani ya kati na kuua watu zaidi ya 7,000. Omori, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, alikusanya hesabu ya mitikisiko iliyokuwa ikisikika Gifu na miji mingine, siku kwa siku, na mwaka 1894 akatoa kanuni yake: idadi ya mitikisiko kwa siku hupungua kwa kugawanywa na muda uliopita tangu tetemeko kuu. Siku ya 10 hupata takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya siku ya kwanza. Siku ya 100, sehemu moja ya mia.

Nimekaa na kanuni hii kwa muda mrefu kwa sababu ina jambo ambalo watu wa Bukoba waliliishi bila kuambiwa. Chai ikipoa, hupoa ikaisha. Matetemeko hayaishi namna hiyo. Hupungua upesi sana mwanzoni, kisha huburuta mkia mrefu. Ukifuata kanuni ya Omori jinsi alivyoiandika, mitikisiko inayotokea kati ya siku ya 1 na ya 10 ni mingi sawasawa na inayotokea kati ya siku ya 10 na ya 100, na sawasawa tena na ya kati ya siku ya 100 na ya 1,000. Ndiyo maana mtu anashtuka miezi minne baadaye na kudhani kitu kipya kimeanza, kumbe ni mkia uleule. Kule Gifu hesabu ya mitikisiko iliendelezwa kwa zaidi ya miaka 100, na mkia wa mwaka 1891 ulikuwa bado unaonekana.

Tokuji Utsu aliiongezea kanuni hiyo kipeo, mwaka 1961, kwa sababu sehemu nyingine upungufu huwa wa kasi zaidi au wa polepole kidogo. Sasa inaandikwa hivi: kasi ya matukio ni K, gawanya kwa (t + c) iliyopandishwa kwa kipeo p. Herufi K ni kigezo cha wingi wa mitikisiko, na t ni siku zilizopita tangu tetemeko kuu. Kipeo p huwa karibu na 1. Herufi c ni muda mfupi wa mwanzoni, na itanisumbua baadaye.

Nimeingiza daftari lote kwenye kompyuta na kuchora grafu, mihimili yote miwili kwa logi, yaani kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Nukta zinashuka karibu na mstari mnyoofu. Nimefurahi kwa ajili ya mjomba. Hakuwa na mashine yoyote, alikuwa na saa ya ukutani na kalamu.

Wiki ya 3

Programu yangu ya kukokotoa imeonyesha mtikisiko mmoja saa 5 na dakika 47 *kabla* ya tetemeko kuu.

Siku mbili nzima niliamini nimepata kitangulizi, yaani tetemeko linalotangulia lile kubwa. Vitangulizi vipo: tarehe 9 Machi 2011 lilitokea tetemeko la zaidi ya 7 baharini mashariki mwa Japani, na siku mbili baadaye, palepale, likaja lile la 9 lililoleta tsunami. Shida ni kwamba kitangulizi hujulikana baada ya kubwa kufika. Kabla ya hapo ni tetemeko kama mengine. Hata hivyo, kuwa na kimoja kwenye daftari la mkono kungekuwa jambo kubwa. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Daftari umelipata?"

"Nimelipata. Nauliza ule mtikisiko wa asubuhi, kabla ya kubwa. Ulikuwaje?"

"Asubuhi ipi? Asubuhi ile nilikuwa kwenye kahawa. Hakukuwa na kitu."

"Umeandika saa 9:40."

"Ndiyo. Saa tisa na dakika arobaini. Ukuta ulikuwa umeshaanguka dakika kumi na tatu."

Niliandika 09:40 kwenye kompyuta, nayo ikaisoma kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mstari wa kwanza mjomba aliandika "alasiri", kwa hiyo niliugeuza vizuri. Mstari wa pili hakuandika, kwa sababu kwake ilikuwa alasiri ileile, ya kazi gani kurudia.

Nimeandika upya sehemu yote ya saa. Saa za mchana za mjomba zinaongezwa 6 kupata saa ya kompyuta, kisha zinapunguzwa 3 kupata saa ya dunia ambayo katalogi za matetemeko hutumia. Kwa hiyo 9:27 yake ni 15:27 na ni 12:27. Usiku ulikuwa na kosa la pili, baya zaidi. Mjomba akiandika "tarehe 10, saa 7 usiku", anamaanisha usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 10. Kompyuta inamaanisha usiku wa kuamkia tarehe 10. Mitikisiko yote ya baada ya saa sita usiku ilikuwa imerudishwa nyuma siku nzima. Nimepita mstari kwa mstari na penseli. Mistari minne haina neno lolote la kuonyesha usiku au mchana, nimeiweka pembeni.

Baada ya masahihisho hayo nukta zimekaa vizuri zaidi, isipokuwa usiku una mitikisiko mingi kupita mchana. Ardhi haijui usiku. Mjomba ndiye aliyekuwa amelala kimya na ubavu wake chini, wakati mchana alikuwa anatembea, na magari yanapita. Kwa hiyo nimehesabu saa za usiku peke yake, usiku baada ya usiku. Data zinapungua nusu, lakini sasa nalinganisha vitu vinavyofanana.

Wiki ya 4 na ya 5

Wiki mbili za katalogi. Nitaandika kwa ufupi maana kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kupakua, kupanga, kufuta yaliyorudiwa.

Jambo moja la kuweka hapa. Beno Gutenberg na Charles Richter walionyesha mwaka 1944 kwamba kila ukishuka ngazi moja ya ukubwa, matetemeko huwa mengi takriban mara kumi. Na kwa wastani, tetemeko kubwa kuliko yote yanayofuata huwa chini ya lile kuu kwa ngazi 1.2 hivi. Kwa 5.9 hiyo ni 4.7. Basi tarajia moja hivi la kufika 4.7, kama kumi ya kufika 3.7, kama mia ya kufika 2.7. Vituo vya kimataifa vilivyo mbali na Ziwa Victoria hunasa ya 4 na nusu kwenda juu kwa uhakika; chini ya hapo hukosa mengi. Maana yake katalogi ya dunia ina nukta mbili tatu mahali ambapo daftari la Hamugembe lina kurasa. Huwezi kukokotoa K, c na p kwa nukta mbili tatu.

Hata pale penye mashine nyingi, saa ya kwanza huwa na tundu. Nimekuza kwenye kioo rekodi ya saa moja baada ya tetemeko mojawapo. Mstari unaanza umetulia, kisha unajaa wino juu mpaka chini. Unapoanza kupungua, juu ya mgongo wa mawimbi yale yanayofifia unaona vinundu: kimoja, halafu viwili vilivyoshikana, halafu kimoja kipana ambacho huenda ni viwili. Kila kinundu ni tetemeko. Madogo zaidi yamezama kabisa ndani ya sauti ya lile kubwa. Ukihesabu uliyoyaona tu, utadhani ardhi ilisubiri kidogo kabla ya kuanza kutikisika tena, na c itatoka kubwa kuliko haki yake. Nimeamua kutotumia saa 12 za mwanzo katika kukokotoa. Ninapoteza sehemu yenye matukio mengi kuliko zote, na inaniuma, lakini nusu ya hesabu ile ingekuwa hesabu ya mashine badala ya ardhi.

Wiki ya 6

Kwa kuwa Kagera haitoshi peke yake, nimeazima vigezo. Paul Reasenberg na Lucile Jones walitoa mwaka 1989 vigezo vya wastani vya California: kipeo p ni 1.08, c ni siku 0.05, uwiano wa ukubwa (jinsi idadi inavyopungua kadiri ukubwa unavyopanda) ni 0.91, na kigezo cha wingi ni hasi 1.67. California si Kagera. Matetemeko ya kule ni ya kina kifupi, letu lilikuwa chini sana. Nayatumia kama kipimo cha kuanzia, na kila namba hapa chini isomwe hivyo.

Nimeweka 5.9 na kukokotoa uwezekano wa kupata angalau tetemeko moja la 5 au zaidi ndani ya siku 7:

mara tu baada ya tetemeko kuu, 52 kwa 100;
siku moja ikishapita, 23 kwa 100;
mwezi ukishapita, 2 kwa 100.

Na uwezekano wa kuja lingine la 5.9 au kulizidi, ndani ya siku 7: mwanzoni karibu 11 kwa 100, baada ya siku moja 4 kwa 100, baada ya mwezi 3 kwa 1,000.

Kisha nikakokotoa ule usiku wetu wa uani, Jumapili saa tatu usiku hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. La kufika 5.9 au kulizidi: 5 kwa 1,000. Katika usiku 188 wa namna ile, mmoja. La kufika 5: kati ya 3 na 4 kwa 100.

Nimezitazama namba hizi mbili jioni nzima. Hofu ya kwenye simu, ile ya "kubwa kuliko la jana", ilikuwa na nafasi ndogo sana, na kuhusu saa saba yenyewe hakukuwa na msingi wowote. Lakini 3 au 4 kwa 100 si ndogo kwa mtu ambaye nyumba yake ya matofali ya udongo ina ufa kutoka dirishani hadi kwenye paa. Ukuta uliokwisha kupasuka hauhitaji 5.9 nyingine. Kwa hiyo lile swali la kuingia au kubaki nje lina nusu mbili: nusu iko kwenye hesabu, nusu iko kwenye ukuta, na mtakwimu anayejibu bila kuuliza habari za ukuta amejibu nusu. Yule mama nyumba yake ilikuwa na ufa. Alifanya vizuri kubaki nje.

Wiki ya 8

Wiki ya 7 nilikuwa na homa, hakuna kilichofanyika.

Sasa Karonga, kaskazini mwa Malawi, ng'ambo ya mpaka wa Kyela. Desemba 2009 pale hapakuwa na tetemeko kuu moja na watoto wake. Tarehe 6 lilikuja la 5.8. Tarehe 8 la 5.9. Tarehe 12 la 5.4. Na usiku wa kuamkia tarehe 20, watu wakiwa wamelala, likaja la 6.0. Nilijiweka katika nafasi ya mtu anayetoa tahadhari tarehe 15. Nikichukua la 5.9 kuwa tetemeko kuu na kulifuata kwa kanuni ileile, uwezekano wa kupata la 6.0 wiki ile unatoka 1 kwa 100.

Kosa liko kwenye wazo la tetemeko kuu lenyewe. Yosihiko Ogata alipendekeza mwaka 1988 tuache kumteua mkubwa. Kila tetemeko, hata dogo, linazaa mengine kwa kanuni ya Omori na Utsu. Yale yaliyozaliwa nayo yanazaa. Makubwa yana watoto wengi kuliko madogo. Msingi wa hisabati yake ni mchakato ambao Alan Hawkes aliuandika mwaka 1971, na jina la modeli, ETAS (Epidemic-Type Aftershock Sequence), limetokana na maradhi ya kuambukiza, kwa sababu ndivyo inavyokwenda. Nikiyajumlisha matetemeko yote matatu ya Karonga yaliyokuwa yameshatokea, kila moja na mkia wake, 1 kwa 100 inakuwa 2.3 kwa 100. Bado ndogo. Lakini imezidi mara mbili, na imezidi kwa sababu ya kukiri kwamba la tarehe 6 na la tarehe 12 nayo yana uzao.

Kuna makundi ya matetemeko ambayo modeli hii haiyapati vizuri, hasa pale ardhi inaposukumwa na kitu kingine chini. Mwaka 2007 magma ilipenya chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, na matetemeko yakaendelea kwa wiki nyingi. Oldoinyo Lengai nao ukalipuka mwaka uleule. Hapo kasi haifuati uzao peke yake, inafuata magma. Programu yangu haitagusa Natron wala Goma, penye volkano ya Nyiragongo. Nimeandika hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Kazi ya kuigiza matetemeko kwenye kompyuta ilianza vibaya. Niliiacha programu izalishe matetemeko ya kubuni usiku kucha, na asubuhi kompyuta ilikuwa imeganda, kumbukumbu imejaa, na ndani ya orodha kuna tetemeko la ukubwa wa 11. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni 9.5, Chile, 22 Mei 1960. Sikuwa nimeweka kikomo cha ukubwa, na nilikuwa nimefanya uzazi uongezeke na ukubwa kwa kasi ileile ambayo makubwa yanavyopungua. Vikilingana hivyo, bila kikomo, wastani wa watoto hauna mwisho. Nimeweka kikomo cha 7.5, kwa kuwa kubwa linalojulikana ukanda wetu ni lile la Rukwa la 13 Desemba 1910, karibu 7.4. Sasa kila tetemeko lina watoto 0.9 kwa wastani, na ukoo mzima wa tetemeko moja unafikia kumi kwa wastani, kama nadharia inavyodai. Nikipandisha hadi 1, wastani wa ukoo hauna mwisho.

Wiki ya 9

Nimeandika rasimu ya ujumbe wa kutuma kwa simu, nikamsomea mjomba. Ulianza: "Mitikisiko midogo itaendelea kwa siku kadhaa." Akanikatiza.

"Nani amekuambia midogo?"

Nikamweleza habari ya wastani, ngazi 1.2 chini. Akasema wastani anaujua, alifundisha hesabu miaka thelathini. "Lakini mtu ukimwandikia *midogo*, ameingia ndani. Hakusoma mstari wa pili."

Hili limeshatokea kwa watu waliobobea. Kumamoto, Japani, jioni ya 14 Aprili 2016 lilipiga la 6.5 kwa kipimo chao. Likachukuliwa kuwa kuu, na yanayofuata yakaitwa kwa neno lao la kawaida, *yoshin*, ambalo kila Mjapani hulisikia kama kitu kidogo kuliko kilichopita. Saa 28 baadaye, usiku wa manane, likaja la 7.3. Wapo waliokuwa wamerudi kulala majumbani. Mwaka uleule kamati ya serikali yao ya utafiti wa matetemeko ilibadilisha mwongozo: katika tahadhari waliacha kutumia neno hilo, wakaanza kusema watu wajihadhari, kwa muda wa wiki moja hivi, na tetemeko lenye nguvu sawa na lililopita.

Kwa hiyo "midogo" imetoka. "Itaendelea" pia imetoka, mjomba anasema inasikika kama mvua. Tumekubaliana "ardhi itatikisika tena". Na kwa uwezekano, tumejaribu asilimia, tumejaribu "kwa 1,000", na alichokielewa haraka jirani yake aliyekuwa amekaa hapo ni "katika usiku 188 kama huu, mmoja". Tutatumia namna hiyo, na namba izungushwe iwe 200.

Wiki ya 10

Rasimu ya leo, kwa tetemeko la 5.9 siku moja baada ya kutokea:

"Ardhi itatikisika tena. Hakuna ajuaye saa; ujumbe unaotaja saa si wa kweli. Katika usiku 200 kama huu, mmoja unaweza kuleta tetemeko lenye nguvu kama la jana au zaidi. Lenye nguvu pungufu, linaloweza kuangusha ukuta wenye ufa, lina uwezekano mkubwa zaidi. Kama nyumba yako ina ufa, usilale ndani mpaka fundi aikague. Kila siku inayopita hatari inapungua, lakini mitikisiko itasikika hata baada ya miezi."

Programu inaandika upya namba zilizomo kila baada ya saa 6, kufuatana na matetemeko mapya yaliyoingia. Kilichobaki ni kulipatia daftari la mjomba uzito wake ndani ya modeli, badala ya kutegemea California peke yake, na kwa hilo kila mstari una thamani. Ile minne isiyo na usiku wala mchana, nilimsomea mjomba mmoja mmoja kwenye simu. Wa pili aliukumbuka: "13 Septemba, saa 4:10, vikombe vimelia." Anasema shangazi alikuwa anamenya ndizi mlangoni na kisu kikamponyoka, kwa hiyo ni asubuhi. Nimeuingiza: 10:10, saa ya dunia 07:10. Imebaki mitatu.